Kabla ya Kuwa Kasri Lilikuwa Boma

Asubuhi moja ya siku ya shule niliingia Fort Jesus, Mombasa, nikajikuta nyuma ya msafara wa wanafunzi wa darasa la tano au la sita hivi. Mtembeza wageni alikuwa amewasimamisha uani, jua linawachoma, anawaeleza habari za Wareno, mizinga na miezi ya kuzingirwa. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea mzinga akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mfalme alikuwa analala wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. "Hapa hapakuwa na mfalme, mwanangu," akajibiwa. "Palikuwa na kapteni na askari wake." Yule kijana akazitazama zile kuta huku na huku, kama mtu aliyeagiza pilau akaletewa wali mkavu.

Mimi sikucheka. Kichwani mwake alikuwa na picha ambayo sote tunayo: minara myembamba yenye paa zilizochongoka kama penseli, bendera zinapepea, daraja la minyororo linashushwa, binti mfalme yuko dirishani na joka liko nyuma ya mlima. Picha hiyo iko kwenye tamthilia, kwenye magemu ya simu, kwenye keki za bethidei, na kwenye lile puto kubwa la kurukia watoto linalokodishwa kila penye sherehe. Watu wazima nao hawajasalimika. Ninao marafiki wanaoweza kukutajia ukoo mzima wa wafalme wa tamthilia, nani alimuua nani na nani alimiliki joka gani, halafu wanakwambia bila kupepesa macho kwamba ndivyo Uingereza ya kale ilivyokuwa.

Tatizo la picha hiyo ni kwamba majengo ya nyakati tatu tofauti yamepikwa ndani yake chungu kimoja. Tuyapakue moja moja.

Kwanza hizo Zama za Kati zenyewe, enzi ambayo picha hiyo inadai kuionyesha. Kati ya nini na nini? Jina hilo ni kipimo cha Ulaya. Wasomi wa Italia wa karne ya 14 na ya 15 walivutiwa mno na vitabu na majengo ya Roma ya kale, wakajiona wao ndio wanaoifufua. Miaka yote iliyopita katikati, tangu dola ya Roma ya magharibi ianguke mwaka 476, wakaiona kama ukumbi wa kupitia tu. Kwa kawaida wanahistoria huzifikisha zama hizo karibu na mwaka 1500. Hesabu mwenyewe: ni miaka elfu moja. Mtu akikwambia "watu wa Zama za Kati walivaa hivi na kula vile", ni kama mtu aje siku za mbele aseme Waswahili wa kale walisafiri kwa mitepe na SGR.

Halafu kuna neno lenyewe. Kiswahili kimegawa kazi vizuri: ngome ni mahali pa kujihami, kasri ni makazi ya mtawala. Ukimtajia Mswahili ngome haoni kitanda, na ukimtajia kasri haoni mzinga. Waingereza, kwa neno lao castle, wanabeba vyote viwili kwa mkupuo, ndiyo maana tafsiri zetu huyumba: kitabu hiki kinasema ngome, kile kinasema kasri, msomaji anabaki njia panda. Kinachochekesha ni kwamba kasri na castle ni ndugu. Yote mawili yametoka kwenye Kilatini castrum, yaani kambi yenye ulinzi. Moja lilipitia kwa Waarabu likawa qasr, jingine likapitia kwa Wafaransa. Walipokuja kukutana huku kwetu hawakutambuana.

Mimi naona neno lifaalo tunalo siku zote, nalo ni boma. Kwa maana ya kwanza boma ni ua wa magogo au miiba wa kuzuia simba na adui. Kisha Wajerumani walipoitawala Tanganyika walijenga majengo yenye kuta nene, na watu wakayaita boma pia: humo alikaa afisa, humo ililipwa kodi, humo zilisikilizwa kesi, na askari walikuwa humo humo. Mpaka leo, sehemu nyingi za Tanzania, mtu anayekwenda ofisi za wilaya anasema anakwenda bomani. Basi ndicho kitu chenyewe. Bwana wa Zama za Kati alipewa ardhi na mfalme kwa sharti la kumletea askari vita vikizuka. Boma lake lilikuwa nyumba ya mkewe na wanawe, ghala la nafaka, mahakama, ofisi ya kodi na kituo cha polisi, vyote ndani ya ukuta mmoja. Siku nyingi za mwaka hapakuwa na vita wala zogo. Palikuwa na makarani, wapishi, farasi na wapangaji wa mashamba waliokuja kulalamikia kodi.

Na ya mwanzo yalikuwa maboma kwelikweli, ya miti. Karne ya 10 na ya 11 namna iliyoenea kaskazini mwa Ulaya ilikuwa hii: rundika kilima cha udongo, simamisha mnara wa mbao juu yake, chini zungushia ua kwa uzio wa magogo, chimba handaki pembeni. Duke William wa Normandy alipovuka bahari mwaka 1066 kwenda kuivamia Uingereza, hiyo ilikuwa kati ya kazi zake za mwanzo kabisa. Kile kitambaa cha Bayeux, kilichotariziwa miaka michache baada ya vita na chenye urefu wa karibu mita 70, kinaonyesha vibarua wakirundika udongo pale Hastings. Wawili kati yao wanaonekana wameachana na kazi wanapigana vichwani kwa sepetu. Msimamizi wa ujenzi yeyote wa leo angewatambua.

Mawe yalikuja polepole, maana mawe ni ghali. Mnara Mweupe wa London ulianzwa miaka ya 1070, na kuta zake zina unene unaofika mita 4 na nusu. Jina hilo la Mweupe nalo lina kisa: mwaka 1240 Mfalme Henry III aliamuru upakwe chokaa. Hapa filamu zinatupoteza. Tumezoeshwa kuta za kijivu, mawe matupu, giza na utando wa buibui, lakini mabwana wengi walipiga lipu maboma yao, wakayapaka chokaa nje na rangi ndani. Mtu wa Lamu asingeshangaa. Anajua ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya chokaa unavyong'aa ukiwa baharini mbali, na anajua pia ukiachwa bila kuhudumiwa unavyovuliwa nguo na mvua. Tunachokipiga picha leo Ulaya ni mifupa ya majengo, nasi tunadhani yalizaliwa mifupa.

Ukitaka kuona boma la mawe katika ukubwa wake, tazama Wales. Edward I wa Uingereza alipoiteka nchi hiyo aliizungushia maboma kama mtu anayekaza mzigo kwa kamba: Conwy na Caernarfon mwaka 1283, Beaumaris mwaka 1295. Ya Beaumaris imebaki barua ya mwaka 1296 ambayo mafundi wakuu waliwaandikia watu wa hazina. Wanahesabu walionao kazini: waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi na maseremala 30, mikokoteni, na mashua 30 za kuleta mawe na makaa. Kisha wanalia kwamba mishahara imechelewa na watu watakimbia kwa kuwa hawana cha kula. Hela hazikutosha. Boma lile halikukamilika hadi leo, na wapo wanaoliona kuwa lenye mpangilio mzuri kuliko yote Uingereza.

Sasa jeshi la humo ndani. Kwenye tamthilia kila ukuta una maelfu ya askari. Conwy, lenye minara minane mikubwa, lilipangiwa walinzi 30, na 15 kati yao ni wapiga pinde za mtambo. Juu ya hao palikuwa na seremala, kasisi, mhunzi, fundi mitambo na mwashi. Watu thelathini walitosha kwa sababu ukuta ndio uliofanya kazi ya jeshi, alimradi geti limefungwa. Na hapo ndipo penye shida. Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, walinzi walipokuwa kanisani mjini, Rhys na Gwilym ap Tudur, waasi wa Wales, waliliteka boma lile kwa hila: inasemekana mtu alibisha hodi akajidai ni seremala amekuja kazini, akafunguliwa. Kuta za mamilioni, zikashindwa na fundi.

Uzushi mwingine nitaupitia haraka. Mafuta ya moto yaliyomwagwa juu ya maadui: mafuta yalikuwa mali, hayamwagwi ovyo. Mawe, maji ya moto na mchanga uliochomwa vilitosha, na mchanga ukiingia ndani ya deraya hautoki. Deraya zenyewe hazikumfanya mtu awe kama kobe aliyepinduliwa. Suti kamili ya chuma ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, labda 25, umegawanywa mwili mzima. Aliyeivaa alikimbia na kupanda farasi mwenyewe. Ngazi za kuzunguka nazo, eti zote zinafuata mishale ya saa ili anayepanda akose nafasi ya kurusha upanga kwa mkono wa kulia: hoja hiyo ilienezwa na mwandishi mmoja Mwingereza aliyependa mchezo wa panga, mwaka 1902. Ngazi zinazozunguka upande wa pili zipo tele. Na adui akishafika kwenye ngazi za chumba chako cha kulala, ndugu yangu, umeshachelewa.

Ila uzushi wa gereza la chini, lenye minyororo na mafuvu, nataka nikae nao kidogo, kwa sababu una ndugu yake hapa pwani. Neno la Kiingereza la gereza la namna hiyo, dungeon, limetokana na donjon la Kifaransa, na donjon lilikuwa mnara mkuu wa boma. Yaani pale pale bwana alipolala. Baadaye mabwana walihamia kwenye vyumba vyenye madirisha mapana na hewa, ile minara minene ikabaki na kazi ya kufungia watu, na jina likashuka cheo pamoja na jengo. Sasa sikiliza letu. Neno gereza wanalitoa kwenye Kireno igreja, kanisa. Ndani ya ngome za Wareno mlikuwa na kanisa, watu wakaiita ngome nzima kwa jina hilo, na ngome zilipogeuzwa jela, jina likaganda huko. Kilwa Kisiwani ngome kongwe iliyo ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo. Fort Jesus yenyewe ilikuwa jela ya serikali ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Lugha mbili zisizojuana, zimesafiri njia moja.

Na pwani yetu ina hadithi yake ya mfungwa ambayo haizidiwi na za Ulaya. Fumo Liyongo, jitu na mshairi, amefungwa Pate anasubiri kuuawa. Mama yake anampelekea chakula kila siku, walinzi wanakula kizuri wanamwachia makombo. Liyongo anamtungia kijakazi Saada wimbo wa kumpelekea mama, na walinzi wanausikia bila kuuelewa: andaa mkate wa wishwa, ndani utie tupa. Walinzi waliuona ule mkate wa makapi, wakaudharau, wakampa mwenyewe. Usiku ngoma inapigwa nje, watu wanaimba, naye anakata pingu kwa tupa, mlio unazama kwenye ngoma. Lini hasa Liyongo aliishi, wasomi wanabishana kwa karne nzima. Lakini ukimsimulia Mwingereza kisa hiki naye akakusimulia cha Robin Hood, mtaelewana bila mkalimani.

Turudi kwa kijana wetu na swali lake. Kilicholiua boma la mawe ni mzinga. Mwaka 1453 Sultani Mehmed II aliuzingira mji wa Konstantinopoli kwa siku 53. Kuta zake zilikuwa zimehimili mazingio kwa miaka elfu moja hivi, lakini safari hii zilipigwa kwa mizinga mikubwa mpaka zikapasuka, na mji ukaanguka. Ukuta mrefu ambao ulikuwa fahari ukageuka shabaha. Wajenzi, hasa Waitaliano, wakaanza upya: shusha ukuta, unenepeshe, ujaze udongo nyuma yake ili umeze risasi, kisha toa pembe zilizochongoka ili kila upande ulindwe na mizinga ya upande mwingine. Fort Jesus ni mtoto wa fikra hiyo. Ilijengwa kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewafanyia kazi Wareno. Itazame kutoka juu: pembe zake zinajitokeza kama mabega. Haikujengwa ipendeze kwa mbali. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na hawakuiingia hadi Desemba 1698, miezi 33, na waliokuwamo walikwisha zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Ndipo boma likapasuliwa vipande viwili. Vita vikapewa ngome, wakaamo askari tu. Mfalme akahamia kwenye kasri lenye madirisha makubwa, bustani na vioo, jengo ambalo mzinga mmoja ungelimaliza. Kwa hiyo jibu la yule kijana ni kwamba ngome ile ilijengwa mfalme akiwa ameshahama, na Kiswahili chake, kilichotenganisha ngome na kasri, kilikuwa kimeshamwambia.

Bado hatujaipata ile minara ya penseli. Hiyo ni ya karne ya 19. Jengo ambalo wengi wakifumba macho ndilo wanaloliona ni Neuschwanstein, Ujerumani, na jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1869, mwaka uleule Mfereji wa Suez ulipofunguliwa. Mfalme Ludwig II wa Bavaria alipenda opera na visa vya kale, na michoro ya jengo lake alimpa Christian Jank, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mapazia ya jukwaa. Chini ya mawe yale meupe kuna matofali. Ndani kuna mfumo wa kupasha joto nyumba nzima, maji ya bomba na kengele za umeme za kuitia watumishi. Ni rika la Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash kule Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na kushangaza watu kwa taa za umeme, ila Barghash hakujifanya anaishi karne ya 13. Ludwig alilala Neuschwanstein siku 172 tu. Alikutwa amekufa ziwani Juni 1886, na wiki saba baadaye watu walikuwa wanakata tiketi kuingia. Mwaka 1955 Disneyland ilipofunguliwa kule California, kasri lake liliigwa kutoka huko, na kutoka hapo likaenda kwenye keki na puto letu.

Hata baadhi ya maboma ya kweli yalivishwa vazi la ndoto hiyo. Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, ni mji wa kale hasa, lakini kuanzia 1853 Eugène Viollet-le-Duc aliutengeneza upya na kuiwekea minara yake mingi paa zilizochongoka za mawe ya bamba, mtindo wa kaskazini. Alilaumiwa kwa hilo akiwa hai na analaumiwa bado. Mimi namtetea nusu: bila yeye labda tungekuwa na rundo la mawe.

Wala sioni sababu ya kuwacheka wapenzi wa mambo haya wanaoshona deraya na kuchora majoka. Watu wa Zama za Kati wenyewe walikuwa na ugonjwa huo huo. Habari za Mfalme Arthur, shujaa wa hadithi za Uingereza, zilipata umbo zilipoandikwa na Geoffrey wa Monmouth miaka ya 1130, kama hadithi za kale za wakati mwingine kabisa. Karne moja baadaye Richard, ndugu wa Henry III, akajenga boma Tintagel, kwenye genge la bahari lisilo na faida yoyote ya kivita, kwa kuwa hadithi ilisema Arthur alitungiwa mimba pale. Edward I alipomaliza kuiteka Wales alifanya sherehe ya Meza ya Duara mwaka 1284, watu wakacheza kuwa mashujaa wa Arthur. Kule Winchester ipo meza ya mbao ya karne hiyo, kipenyo chake mita 5 na nusu, imetundikwa ukutani kama saa kubwa. Ilitengenezwa na mashabiki.

Nchini Ufaransa, mahali panapoitwa Guédelon, watu wanajenga boma jipya tangu 1997 kwa zana za karne ya 13 tu. Mawe yanapandishwa kwa winchi ya mbao inayoendeshwa na mtu anayetembea ndani ya gurudumu, kama panya kwenye kizimba. Nimeitazama video yake mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kanisa la Notre-Dame lilipoungua Paris mwaka 2019, maseremala waliowahi kufanya kazi Guédelon walikuwa kati ya wale walioichonga upya miti ya paa lake kwa shoka.

Lakini kama ningekuwa mwalimu wa wale watoto, safari inayofuata ningewapeleka Kilwa Kisiwani. Juu ya genge linalotazama bahari kuna magofu ya Husuni Kubwa. Husuni ni hisn la Kiarabu, ngome, neno lile lile lililomo ndani ya Hisn al-Akrad, boma mashuhuri la Syria ambalo wapiganaji wa msalaba walilishika mpaka 1271. Wa Kilwa waliita ngome, lakini ukiingia unakuta kasri: vyumba zaidi ya 100, nyua, maghala ya bidhaa, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ni kazi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, wakati rangi ya Conwy na Caernarfon haijafifia. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alimkuta mwaka 1331, akasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomsimamisha akitoka swala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Mfalme alikuwepo, basi, na kitanda chake kilikuwa upande ule wa baharini. Kama aliwahi kukilalia, maana Husuni Kubwa nayo, kama Beaumaris, haikumalizika.